Shahidi wa Tatu

Rosalia alichapa mashahidi wawili, printa ikatoa watatu.

Alidhani ni macho. Joto la Februari, mwaka tisini na sita, lilikuwa limeibana Kinondoni nzima, na feni ya ofisini ilizunguka kama inalazimishwa. Akaikata karatasi, akaisoma tena kwa kidole. Shahidi wa kwanza, Shomari bin Kombo. Shahidi wa pili, Haji bin Tawakali. Chini yao, kwa herufi zilezile za mashine, palikuwa na mstari ambao yeye hakuuandika: Na mwenye kisima, aliyekuwepo.

Akatazama kioo cha kompyuta. Humo walikuwa wawili tu. Akachapisha upya. Wakatoka watatu.

"Bosi," aliita, "hebu njoo uone."

Wakili Mudathir Shebe alitoka chumbani mwake na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Akaitazama karatasi kama mtu anayetazama mchuzi uliochacha.

"Umekosea kuchapa."

"Sijakosea. Kwenye kioo wako wawili, angalia mwenyewe."

"Rosalia, mashine haina akili ya kuongeza mtu. Ukiona imeongeza, ujue aliyekaa mbele yake ndiye hana akili." Akaichana vipande viwili, akavidondosha miguuni pake. "Chapa tena. Na funga dirisha, kuna harufu ya matope humu."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi.

Huyu Mudathir inafaa aelezwe, ingawa hastahili maneno mengi. Alikuwa wakili na kamishna wa viapo. Kazi ya kamishna wa viapo ni nyepesi kuieleza: anaiona hati yenyewe, anailinganisha na nakala, anaapa kuwa nakala ni halisi, ndipo anagonga mhuri. Mudathir aligonga mhuri huku anakunywa chai. Aligonga akiongea na simu. Aligonga hata akiwa anatazama dirishani wanawake wanaopita barabarani, na mara moja aligonga kitambaa cha meza. Kwa miaka kumi alikuwa hajalinganisha chochote na chochote.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, kila mwenye shemeji Dubai akaagiza kitu, na Mudathir naye akaagiza kompyuta, printa na skana, ile mashine inayopiga picha karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Akasimamisha kibao barabarani: UHIFADHI WA HATI KWA NJIA YA KISASA. Watu wakaja na hati za nyumba, wosia, vyeti vya ndoa. Akawaambia karatasi ni chakula cha mchwa. Waiache kwake, itaingia kwenye disketi na kukaa humo miaka mia, na wao watapewa nakala yenye mhuri. Sheria ya wakati ule haikujua disketi ni mnyama gani. Mudathir alilijua hilo, wateja hawakulijua, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Watu wazima waliofanya kila kitu kwa hadhari, wanaohesabu hata viberiti, walikiona kile kioo kinawaka wakamkabidhi nyumba zao.

Hati zenyewe alizichoma kwenye pipa nyuma ya jengo. Alisema ofisi yake si stoo ya takataka za marehemu.

Wiki moja kabla ya siku ile alikuja Bi Somoe kutoka Boko. Alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, amejifunga kanga mbili juu ya baibui lililopauka, na waraka wake ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kitambaa, ndani ya kopo la biskuti. Rosalia alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mudathir, mtoto wa Magomeni, aliyelelewa na bibi wa namna hiyohiyo, hakusimama wala hakusalimia. Alinyoosha mkono tu apewe.

Ulikuwa waraka wa wakfu. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, lakini umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawa. Bibi yake Bi Somoe, Mwanaidi binti Kombo, ndiye aliyeuandikisha: shamba lote la Boko, kutoka mti mkubwa wa mtondoo hadi mchangani pwani, pamoja na kisima na makaburi, halitauzwa wala kurithiwa, ni la kizazi chake na la kila mwenye kiu.

"Baba, nimeambiwa wewe unayahifadhi," alisema Bi Somoe. "Mimi nakaribia kwenda. Sitaki wajukuu wagombane."

"Bibi, karatasi hii hata mchwa wanaionea haya." Mudathir alikuwa anasoma. Herufi zile alifundishwa chuo cha Kurani utotoni, kwa kiboko. Alipofika mwisho akacheka puani. "Shahidi wa tatu ni nani huyu? Mwenye kisima? Ana anwani?"

Bi Somoe hakucheka. "Ana kisima."

"Mambo ya wazee hayo."

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa mtoto wa wazee, au uliagizwa pamoja na hizo mashine?"

Rosalia aliinamisha uso kuficha kicheko. Mudathir hakusahau kicheko kile, wala swali lile.

Alikuwa na mnunuzi, mtu mmoja mwenye maduka ya vipuri, ambaye alitaka ufuo ule ajenge hoteli. Kwa hiyo, bibi alipoondoka, Mudathir aliuweka waraka kwenye skana mara moja kwa ajili ya kujionyesha, picha yake ikatokea kiooni herufi kwa herufi, Rosalia akaiona. Kisha akamsomea Rosalia maneno ya kuchapa. Rosalia, binti wa Masasi aliyesomea uchapaji misheni, hakujua herufi zile, alichapa alichoambiwa. Shamba, kwa ulimi wa Mudathir, lilianzia kwenye mtondoo likaishia njia ya miguu. Kisima, makaburi na pwani vikabaki nje. Shahidi wa tatu hakusomwa kabisa. Jioni ile Mudathir aliapa kwa saini na mhuri kwamba amelinganisha neno kwa neno, akaifuta ile picha, na waraka ukaenda kwenye pipa. Wiki iliyofuata, Rosalia alipochapa nakala nyingine kwa ajili ya mnunuzi, ndipo mashahidi watatu walipotoka.

Tangu siku ya printa, ofisi haikutulia. Harufu ya matope iliingia na kukaa, si ya mfereji, bali ya udongo wa chini sana, baridi, kama mtu amefunua kifuniko cha kisima. Ndani ya kompyuta kulisikika tone. Likapita kimya kirefu, halafu tone jingine. Rosalia aliinua mashine, akapangusa meza, akapangusa sakafu, pote pakavu. Akirudi kutoka kula mchana alikuta kiti chake kimelowa maji, na kiti cha Mudathir kikavu, kana kwamba aliyekuja hakuona haja ya kukikalia.

"Bosi, humu kuna kitu," alinong'ona.

"Kuna uvivu. Huo nimeuona."

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, umeme ulikatika kwa mgao. Mudathir alikuwa mahakamani. Feni ikasimama, kioo kikazima, na kelele za barabarani zikazidi kwa sababu ya ukimya wa ndani. Rosalia alikuwa anafungua kitafunio chake printa ilipoanza kufanya kazi.

Alibaki ameshika karatasi ya chapati. Ile printa ilikuwa imechomekwa ukutani, na ukuta haukuwa na umeme, lakini kichwa chake kilikwenda na kurudi, krii, krii, na karatasi ikatoka taratibu, ikining'inia ukingoni mwa meza, ikigusa sakafu, ikikunjana, ikiendelea, na juu yake palikuwa na herufi zile asizozijua, zilezile alizoziona kwenye picha siku ya kwanza, na kila mstari uliotoka ulitoka umelowa, na maji yakawa yanashuka kwenye karatasi bila kuufuta wino, yakatambaa sakafuni, yakafika kwenye viatu vyake, yakaingia kati ya vidole, baridi kama ya asubuhi ya Masasi.

Nyuma ya kiti chake mtu akavuta pumzi.

"Wewe uliona?" Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Haikuwa na hasira. Iliuliza kama karani anavyouliza, huku anawaza jambo jingine.

Rosalia hakugeuka. "Niliona picha yake," alisema. "Sikujua kusoma."

"Basi sema hivyohivyo."

Umeme uliporudi, sakafu ilikuwa kavu, na hapakuwa na karatasi yoyote. Chapati tu ndiyo iliyokuwa imelowa mkononi mwake.

Mudathir alimcheka alipomweleza. Alicheka mpaka Ijumaa, alipofungua kabati la disketi. Kila disketi aliyoichomeka, iwe ya wosia wa Mzaramo wa Temeke au hati ya nyumba ya Mchaga wa Sinza, ilifunguka kwa sentensi moja: Haya hayakulinganishwa. Akafuta. Akanunua disketi mpya, akaipakia upya ile nakala ya Boko, akaitia kwenye mfuko wa shati. Alipofika nyumbani, mkewe Najat alimwuliza kwa nini kifua kimelowa.

Hapo ndipo alipomwita Maalim Marijani wa Kiwalani, na kwa sababu alimwonea aibu, alimtaka apandie ngazi za nyuma, kwenye pipa.

Maalim alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Alifukiza ubani, akasoma kimyakimya kwa muda mrefu, kisha akaweka sikio lake juu ya kompyuta, kama mkunga kwenye tumbo. Rosalia alisimama mlangoni. Tone likasikika. Maalim akatikisa kichwa, akaanza kukunja mswala wake.

"Mbona unafunga?" Mudathir alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza Rosalia kumsikia akinong'ona. "Mtoe basi."

"Huyu si subiani mkorofi, wakili. Ni ruhani, jini wa heshima, tena mtu mzima. Wenye hasira nawatoa, kila siku nawatoa. Huyu hana hasira."

"Ana nini?"

"Ana dharau." Maalim alikohoa. "Jini mwenye hasira anataka kitu kwako, mtapatana. Huyu hataki kitu kwako. Hata jina lako halijui. Umegonga mhuri kwamba mashahidi wa waraka fulani wamethibitishwa wote, na yeye, mwenye kisima, ni shahidi. Amekuja kwa kuitwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Jepesi. Chukua waraka wenyewe, nenda nao kisimani, usome mbele ya wenyewe kama ulivyo, ukitangue kiapo chako. Ataondoka kabla hujamaliza. Uko wapi waraka?"

Macho ya Mudathir yalikwenda kwenye dirisha la nyuma, na Maalim akayafuata mpaka kwenye pipa.

"Ulichoma!"

"Nilikuwa na nakala."

Maalim Marijani alimtazama kwa muda, kama watu wanavyotazama kitu walichokikanyaga. Kisha akachukua chetezo chake kikiwa bado kinafuka, akashuka kwa ngazi za mbele.

Mtu mwenye akili angekwenda Boko usiku uleule akapige magoti. Mudathir alikwenda Boko Jumatatu, baada ya alasiri, kumwonyesha mnunuzi mipaka mipya, katika gari la mnunuzi huyo, akiwa amevaa suti, na Rosalia kiti cha nyuma. Njiani alimpa Rosalia karatasi. Alitakiwa kusaini kama mchapaji kwamba nakala imetokana na waraka wenyewe.

"Sisaini, bosi."

"Nini?"

"Niliona picha tu. Kusoma sikujua. Nitasema hivyo."

"Utasema ukiwa huna kazi. Mama yako Masasi atakula huo ukweli?"

Rosalia alitazama nje. Machozi yalimtoka, maana kweli mama alikuwa mgonjwa na kweli kazi ilikuwa hiyo moja. "Hatakula," alisema. "Lakini sisaini."

Bi Somoe aliwapokea barazani. Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka hapo, kimezungushiwa mawe ya matumbawe, na nyuma yake makaburi, na nyuma ya makaburi bahari. Mnunuzi alikuwa ameanza kuyapima kwa macho.

"Niletee waraka wangu," alisema Bi Somoe.

"Huu hapa." Mudathir alimnyooshea nakala. Mhuri ulikuwa mwekundu, mzuri.

"Huu ni wako. Nimeuliza wangu."

"Ni uleule, bibi. Siku hizi ndivyo."

"Binti," Bi Somoe alimgeukia Rosalia, "ni uleule?"

"Bibi, mie niliona picha yake tu. Kusoma sikujua. Nilichapa nilichosomewa. Na wako..." Alifuta macho kwa kiganja. "Wako umechomwa."

Mnunuzi akageuka. Bi Somoe alishika nguzo ya baraza, na kwa muda uso wake ukawa wa mtu aliyepokea habari za msiba. Halafu akajikusanya.

"Basi aape yeye," alisema. "Hapa, mbele ya wenyewe. Alilinganisha?"

Mudathir angeweza kunyamaza. Lakini mbele yake palikuwa na kikongwe mwenye kanga iliyochanika na mchapaji anayelia, na hawa walikuwa watu ambao hajawahi kushindwa nao. Akainua mkono wa kulia.

"Wallahi, niliuona waraka, nikaulinganisha neno kwa neno, na mashahidi wote."

Kisimani kukasikika kitu kizito kikigeuka majini.

Kuku waliokuwa uani walikimbia wote upande mmoja, na ile harufu ya udongo wa chini ikapanda barazani, ikapanda mpaka ladha yake ikawa mdomoni, na Rosalia akaona majani makavu kati ya kisima na baraza yakilala moja baada ya jingine, kama yanakanyagwa na mtu asiye na haraka, hatua ya kwanza, ya pili, ya kumi, na kila palipokanyagwa pakabaki dimbwi dogo, na madimbwi yakapanda ngazi, yakampita mnunuzi aliyekuwa amejibanza ukutani akitaja majina ya watoto wake, yakampita Bi Somoe aliyeinamisha kichwa kwa heshima, yakasimama mbele ya Mudathir, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu kwa sababu haukukubali tena kushuka, na mdomo wake ukafunguka, ukazidi kufunguka, kana kwamba kuna anayeuangalia ndani kuona kama mna nafasi ya kutosha, na sauti ileile isiyo na hasira ikasema, si kwake, bali kwa Bi Somoe:

"Hamna kitu humu. Patatosha."

Maji yakamtoka Mudathir puani na masikioni. Halafu akaanza kusema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mzee anayesemea puani kidogo, na Bi Somoe aliposikia neno la kwanza alianguka chini na kulia kama mtoto, kwa sababu alikuwa hajaisikia sauti ya bibi yake kwa miaka sitini.

"Bismillahi. Mimi Mwanaidi binti Kombo, nikiwa na akili yangu timamu, shamba langu la Boko, kutoka mtondoo mkubwa hadi mchangani pwani, na kisima chake, na makaburi yake, nimeliweka wakfu. Haliuzwi, halirithiwi..."

Alisema mpaka mwisho, mpaka mashahidi, mpaka tarehe. Mnunuzi hakuyasikia yote. Gari lake lilikuwa limeshafika barabara ya Bagamoyo, na habari za hoteli hazikusikika tena. Kisima kilitulia. Madimbwi yakakauka.

Mudathir hakufa. Hospitali walimpima wakamkuta mzima. Alikula akilishwa, alilala akilazwa. Najat alimrudisha nyumbani, akakaa mbele yake siku ya kwanza, akamshika mashavu, akamwuliza, "Baba watoto, wanijua mimi ni nani?" Akajibu, "Bismillahi. Mimi Mwanaidi binti Kombo." Akiulizwa kama ana njaa, alijibu hivyo. Watoto wakimwita baba, aliwasomea mipaka ya shamba. Najat alivumilia miezi mitatu, halafu akampakia kwenye teksi na godoro lake, akampeleka Boko. Bi Somoe alimpokea bila neno, akamtengea chumba cha uani.

Rosalia alipata kazi ya kuchapa mitihani kwenye shule moja Temeke. Mvua za vuli zilipoanza alipanda basi kwenda Boko, na kalamu na daftari kubwa la jalada gumu. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile. Alikuta mlango wa chumba uko wazi, Mudathir amekaa kitandani, msafi, amepakwa mafuta, amenyolewa ndevu. Bi Somoe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kusikia watu wakiongea, Mudathir alianza. Rosalia alimsikiliza mpaka mwisho, na ndipo alipomtazama machoni. Macho hayakuwa ya Mwanaidi binti Kombo. Yalikuwa ya Mudathir, yenye fahamu, yanamjua, na machozi yalikuwa yanashuka bila kukatika huku mdomo ukiendelea kusoma.

"Bibi," alinong'ona, "yumo. Yumo humo ndani, anatusikia."

"Najua."

"Nimekuja na daftari. Tuyaandike yote, halafu tumwite Maalim Marijani amwombe mwenye kisima amwachie. Amekoma huyu."

Bi Somoe aliweka kijiko. Alilitazama lile daftari, akaligeuzageuza, akamrudishia.

"Tukishaandika," alisema, "nitampelekea nani anihifadhie?"

Rosalia alitafuta jina. Alitafuta kwa muda, na mvua ikaanza juu ya bati.

Bi Somoe aliinuka, akafunga dirisha. Akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta Mudathir machozi, shavu moja kisha la pili, taratibu, akamvutia shuka mpaka kidevuni.

"Usilie," alimwambia. "Hati haitakiwi kulowa."